Siku Niliyosalimia kwa Mikono Miwili Nikiwa Juu ya Guta

Naanza na aibu yenyewe, ili wa kucheka acheke mapema amalize: niliachia klachi ya guta kwenye mteremko, injini inaunguruma, giya iko ndani, kwa sababu nilikuwa namsalimia mzee. Sikuwa nimelewa, sikuwa nachezea simu, wala hakuna nyuki aliyeniuma. Nilikuwa na adabu. Kati ya watu wote wa Gitting wanaonifahamu, hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba siku moja Daudi ataharibu kitu kwa sababu ya adabu, na wa mwisho kudhani hivyo ni mimi mwenyewe.

Guta lenyewe (kama huko kwenu halijafika, ni ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, inayobeba mahindi, saruji, ndama mgonjwa, kwaya ya kigango, chochote) ni la mjomba Paskali, kaka yake mama. Mimi kazi yangu kwenye lile guta ni kukaa nyuma na kushikilia vitu visidondoke. Sijawahi kupewa kazi nyingine, na baada ya kusikia habari hii mtaelewa kwa nini mjomba ni mtu mwenye akili.

Sasa ili muelewe kwa nini siku hiyo ilikuwa kubwa, lazima niwarudishe nyuma kidogo, kwa dada yangu Neema. Neema alikuwa amepata mchumba, Elia, kijana mpole wa Mogitu, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu anakuomba msamaha yeye. Wazee wake walikuja nyumbani mara ya kwanza kujitambulisha, mambo yakaenda vizuri, chai ikanyweka, mpaka mimi nilipoona watoto wa jirani wamejikusanya nyuma ya jiko hawana cha kuwachekesha. Shangazi yake Elia ana mwendo wake. Anatembea kama anaruka madimbwi hata wakati wa kiangazi, mguu unapanda juu, unafikiri kidogo, ndiyo unashuka. Nikawaonyesha watoto. Wakacheka, nikaongeza. Wakanyamaza ghafla, nikadhani hawajaelewa, nikarudia kwa ufundi zaidi, na nilipogeuka nikamkuta shangazi mwenyewe amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai mkononi, anatazama jinsi anavyotembea.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alirudi ndani taratibu, akaweka kikombe juu ya meza, akamwambia mama, "Mama Neema, binti yako hatuna neno naye. Lakini nyumba ambayo mtoto wa kiume anaigiza wageni, hiyo heshima tutaitafuta upande gani?" Wakaaga. Wakaondoka. Na jambo la Neema likabaki linaning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mwanaume wa nyumba ni mimi (jambo ambalo hata kuku wa pale nyumbani hawajawahi kulikubali). Neema aliacha kuongea nami. Akinipa chakula anaweka sahani na kugeuka. Usiku namsikia anajipangusa pua, na niwaambie ukweli, mtu mcheshi kama mimi hakuna kitu kinachomnyima usingizi kama mtu anayelia kwa sababu ya utani wake. Mama akazunguka, akatuma watu, akaomba, mpaka ujumbe ukaja kutoka Mogitu: watakuja tena mara moja tu, na safari hii anakuja babu yake Elia, Mzee Gida, aone mwenyewe hiyo nyumba. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, kila mtu abaki kwao.

Asubuhi ya siku hiyo mama alinisimamisha uani kama mwalimu wa zamu.

"Daudi. Leo mdomo wako ni wa kulia chakula tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ukikutana na mzee, unasimama. Unainama. Mkono wa kulia unampa, wa kushoto unashika kiwiko. Mikono miwili. Ukimpa mmoja, umemdharau."

"Sawa, mama."

"Mikono mingapi?"

"Miwili, mama."

"Na mguu wa mtu usiuigize."

Nilitaka kusema kwamba miguu nayo ni miwili, lakini nilimtazama macho nikaona siku hiyo si ya hesabu.

Chakula kilipikwa kwa mjomba Paskali, juu kidogo kwenye mwinuko, kwa sababu kwake ndiko kwenye jiko kubwa la nje, na sisi tunakaa bondeni karibu na kijito. Mchana tukapakia: sufuria la wali, sufuria la nyama, ndoo za togwa zenye mifuniko iliyolegea, na dumu moja la pombe ya asali kwa ajili ya wazee, ambalo mjomba alilifunga kwa kamba za mpira kana kwamba anasafirisha bomu. Mimi nikakaa nyuma nimekumbatia nyama. Tukaanza kushuka.

Hatujafika mbali mjomba akasimama. "Miiko!" akasema. "Tumesahau miiko ya kupakulia." Akavuta hendibreki, akashuka, akatafuta jiwe akaliweka mbele ya tairi, ila injini hakuizima, kwa sababu selfu ya lile guta ilishakufa, na ukilizima mnalisukuma mpaka mtubu. Akaninyooshea kidole.

"Usiguse kitu."

"Sawa, mjomba."

Akapanda kilima mbio. Na mimi nikabaki na nyama, na guta linalounguruma, na nyumbani kwetu kunakoonekana kule chini, turubai la bluu limefungwa, viti vimepangwa, majirani wameshaanza kukaa, na wasichana wawili wa darasani kwangu waliokuja kumsaidia Neema kuosha vyombo. Nikafikiria. (Hapo ndipo mambo yangu yote huwa yanaharibikia, pale ninapofikiria.) Nikasema, hivi mwanaume wa nyumba anaingia kwenye posa ya dada yake amekumbatia sufuria? Si bora aingie ameshika usukani? Na nimekaa nyuma ya mjomba tangu darasa la sita, namtazama mikono na miguu, klachi kushoto mkononi, mafuta kulia mkononi, breki mguu wa kulia, giya mguu wa kushoto, hendibreki pembeni ya kiti. Naijua yote. Nitalisogeza tu, polepole, mjomba akirudi ataikuta kazi imekwisha na miiko ataileta kwa miguu.

Nikatoa jiwe.

Na jamani, lilikwenda! Nilibana klachi, nikaingiza namba moja, nikashusha hendibreki, nikaachia klachi kidogo kidogo kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, na guta likaanza kushuka kwa heshima zake, taratibu, linavutwa na injini lisikimbie. Nilikaa wima. Nilisikia upepo, ingawa kwa mwendo ule hata bata angenipita. Nikapita kona ya kwanza, nikamsamehe kila mtu aliyewahi kunidharau, nikaanza kupanga nitakavyoliegesha pale mbele ya turubai, nitakavyoshuka, nitakavyojipangusa vumbi begani.

Kona ya pili nikakutana nao. Mbele ni mzee mrefu, mweusi tii, mgolole begani, fimbo mkononi, kandambili za tairi, na sikuhitaji kuambiwa kwamba huyu ndiye Mzee Gida. Nyuma yake, akiruka madimbwi yasiyokuwepo, shangazi. Walikuwa wameshushwa na basi kule juu barabarani, wakakata kwa njia ya mkato, na sasa wanatokeza pale konani kutoka pembeni, wanashuka kwetu kwa miguu.

Nikakanyaga breki. Nikabana klachi. Guta likasimama kama limefundishwa. Hapo mtu mwenye akili angevuta hendibreki, angetoa giya, angesubiri mambo yatulie ndiyo awe na adabu. Mimi nikaanza na adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema mzee, sauti nzito, na akaninyooshea mkono.

Nikampa wa kulia. Mpaka hapo hakuna shida, wa kulia ulikuwa kwenye mafuta na mafuta hatuyahitaji tukiwa tumesimama. Lakini shangazi alikuwa ananitazama. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto, ambao bado umeshika klachi, na nikaona jicho lake linavyosema: *ndiyo yuleyule, amempa mzee mkono mmoja*. Na kichwani ikaja sauti ya mama: mikono mingapi? Nikaona uso wa Neema. Nikaona posa nzima imekaa juu ya kiwiko changu.

Basi nikautoa mkono wa kushoto kwenye klachi, nikaushikisha kiwiko cha kulia, vizuri kabisa, kama kwenye kitabu. Na kwa kuwa kuinama ukiwa umekaa hakupendezi, nikajiinua kidogo kwenye kiti ili niiname sawasawa, na mguu nao ukatoka kwenye breki. Kwa hiyo mkitaka kujua nilikuwa nimeshika nini kwenye lile guta wakati ule, jibu ni kwamba nilikuwa nimeshika mzee.

Guta likaruka mbele. Mzee Gida hakuniachia. Ana mkono wa mtu aliyeshika pembe za mafahali tangu ujana wake, na mimi ni mwembamba, hivyo guta lilikwenda na mimi nikabaki. Nilitoka kwenye kiti kama jino linavyong'oka, nikakaa chini kwenye vumbi kwa kishindo, mkono wangu bado uko mkononi kwake, na wa kushoto (hili shangazi mwenyewe alikuja kulithibitisha) bado umeshika kiwiko.

Mzee akaniangalia. Akaliangalia guta.

"Mjukuu," akasema, "chombo chako kinaondoka."

"Ndiyo, babu."

"Kina nini ndani?"

"Chakula chenu, babu."

"Sasa bado unanisalimia nini? Kimbia!"

Nikakimbia. Guta halikuwa na haraka bado, lilikuwa linashuka na namba yake moja kama ng'ombe anayekujua nyumbani, na nikalifikia. Nikasema, asante Mungu, nitadandia, nitakanyaga breki, hakuna atakayejua. Nikarusha mkono nikakamata mpini wa karibu yangu. Mpini wa karibu yangu ulikuwa wa kulia. Wa kulia ndiko mafuta yaliko.

Naomba mnielewe vizuri hapa maana hata mimi ilinichukua muda. Nilipoukamata, uliviringika. Ulipoviringika, guta likanguruma na kuongeza mwendo. Lilipoongeza mwendo, nikaachwa nyuma kidogo, nikaning'inia. Nilipozidi kuning'inia, mpini ukazidi kuviringika. Kwa hiyo kadiri nilivyolizuia ndivyo nilivyoliamuru liende, na nisingeweza kuachia kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa ndiyo breki. Tulishuka namna hiyo, miguu yangu inagusa ardhi pale inapopata nafasi, na nyuma nasikia sauti ya mjomba kutoka juu kabisa, ametokea na miiko yake, mmoja kila mkono, anapiga kelele, "Achia! Achia mafuta! Hendibreki! Daudi weee!"

Chini kule katekista alikuwa amesimama chini ya turubai anaongoza sala ya kuwaombea wageni wafike salama. Watu wote wamefumba macho isipokuwa mama, ambaye mtoto wake ni mimi, kwa hiyo huwa hafumbi. Na katikati ya njia, pale pale guta linapoelekea, alikuwa amekaa mtoto mdogo wa jirani anachezea kifuniko cha chupa.

Hapo utani uliniisha. Niwaambie tu. Ule muda ni mfupi sana lakini mpaka leo ninao wote. Mama alitoka kwenye kiti chake, sijui alipita wapi, nikaona tu kanga yake na mtoto ameshakwapuliwa kwa mkono mmoja, na guta likapita pale alipokuwa amekaa, likaacha alama ya tairi juu ya kile kifuniko.

Ndipo nikaachia.

Bila mimi, guta likanywea, likapunguza, lakini lilikuwa limeshakata kauli. Likachukua kamba ya turubai, turubai likashuka taratibu juu ya watu wote kama blanketi, na guta likaenda kuchomeka pua kwenye lundo la mabua ya ng'ombe, likakohoa, likazima. Ndoo za togwa zikaruka mifuniko. Mimi niliyekuja nyuma nikiteleza kwa tumbo nikafika kwa wakati kuipokea togwa yote.

Vichwa vinatembea chini ya turubai la bluu. Kisha kutoka chini ya turubai hilohilo, sauti ya katekista, imetulia kabisa: "...kwa Kristo Bwana wetu."

"Amina," turubai likajibu.

Watu wakafunuliwa, wakahesabiana, hakuna aliyeumia. Wali ulikuwa umetulia kwenye sufuria lake. Nyama ilipungua kidogo, na mbwa wa jirani anajua ilikokwenda. Dumu la pombe ya asali halikutikisika hata kidogo (mjomba na kamba zake!). Neema alisimama mlangoni na gauni lake jipya, alinitazama tu, na nikajua kwamba nikizikwa siku hiyo hatachangia hata jembe.

Ndipo wageni wakaingia. Mzee Gida anatembea mwendo wake uleule, fimbo tu-tu-tu. Shangazi yuko nyuma yake. Mama akawapokea, mtoto wa jirani bado yuko kiunoni, akawaamkia kwa sauti iliyokauka, na akaanza kusema, "Wazee wangu, tusameheni, huyu mtoto—"

Shangazi akainua mkono. Akanijia. Nimejaa togwa kuanzia nywele, mabua yamenibandika, nzi wameshapata habari. Akanizunguka mara moja.

"Wewe ndiye uliyeniigiza mwendo."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Ulinipatia sana," akasema. "Nililala na hasira wiki nzima kwa sababu ulinipatia." Akavuta kiti kilichokuwa kimeanguka, akakisimamisha, akakaa. "Haya. Mimi umeshaniigiza. Sasa jiigize wewe. Nataka kuona vile ulivyokuwa unakimbia na guta."

Nikamtazama mama. Mama akatazama juu, mlimani, kama anatafuta msaada huko. Kwa hiyo nikafanya. Nilianza pale kwenye kusalimiana, mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, kuinama, nikang'oka kwenye kiti kisichokuwepo, nikakaa chini, "Shikamoo babu" kutokea mavumbini, kisha mpini, kisha kuning'inia, miguu inatafuta ardhi, macho yametoka. Sikuigiza mtu mwingine yeyote. Na nilipofika kwenye "mjukuu, chombo chako kinaondoka" (ile sauti nzito sikuigusa, niliisema kwa sauti yangu, nimeshajifunza), shangazi aliegemea nyuma akacheka mpaka kilemba kikamshuka jichoni, na Mzee Gida akapigapiga fimbo chini, na machozi yanamtoka.

"Huku njiani," mzee akasema alipoweza, "vijana wenye vyombo wananipigia honi niingie kwenye majani. Huyu hajanipigia honi."

"Aliachia kila kitu, baba," shangazi akasema, anajifuta macho. "Nilikuwa naangalia ule mkono wa kushoto. Nikasema leo hautoki. Ukatoka! Mjinga kabisa, lakini ulitoka." Kisha akageukia mlangoni. "Neema, mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu. Na mletee huyu kaka yako maji, ananuka."

Neema aliniletea maji mwenyewe. Aliyaweka chini, akageuka kuondoka kama kawaida yake, halafu akarudi, akanitoa bua moja sikioni. "Punda," akanong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile ya chai, na sijawahi kuitwa jina zuri kama hilo.

Turubai likasimamishwa tena, mjomba akapakua kwa ile miiko yake aliyoikimbilia, dumu likafunguliwa, wazee wakaongea mambo yao mpaka jua likawa linagusa mlima Hanang, na walipoinuka Mzee Gida akampa mama mkono akamwita mkwe. Neema aliingia ndani haraka. Safari hii nilimsikia anajipangusa pua nikajua ni kwa jambo jingine.

Shuleni habari ilifika kabla yangu. Sasa wenzangu wakiniona wananipa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, wanainama, halafu wanadondoka chini wote kwa pamoja. Hata mwalimu wa fizikia aliwahi kunitolea mfano kwenye mada ya mwendo, na kwa mara ya kwanza darasa zima lilielewa. Nawaacha wacheke. Mimi kiapo changu nimeshakiweka: chombo cha moto sikigusi tena kwa kuangalia mikono ya mtu, mpaka nifundishwe, na nikifika umri nipate leseni yangu, kwa sababu kile kifuniko cha chupa kilichobonyea bado ninacho, kiko kwenye mfuko wa begi la shule, na siku nikijiona najua kila kitu nakishika kidogo.

Lakini jioni ile bado sikuwa salama, maana mama hakuwa amesema neno. Wageni waliondoka, vyombo vikaoshwa, mjomba akalisukuma guta lake kutoka kwenye mabua na kunieleza kila kitu upya, hendibreki kwanza, giya iwe huru, ndiyo mikono itoke. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono mapajani, anatazama pale njiani guta lilipopita juu ya kile kifuniko, na nikajua hafikirii posa. Nikaenda nikakaa chini mbele yake. Nilikuwa tayari kwa fimbo, kwa machozi, kwa vyote. Akasema:

"Shule ikifungwa mjomba wako atakufundisha, kule shambani kusikokuwa na mtoto wa mtu, na mimi nitakaa nikiangalia. Na kuanzia leo, ukiwa umekalia hicho kidude, shikamoo ni ya mdomo."